Delphine Alivyomusomesha Théodore Kilio Chetu

Zamani zile za Zaïre, majina ya ubatizo yalikatazwa. Mu biro za serikali na ku shule kila mutu aliitwa jina la babu yake, na mbele yake "citoyen", yaani raia; mu mutaa tu ndiko tuliitana bado yale ya ubatizo. Sasa kuna mutu moja ninataka kumusema vibaya hapa, na huyo alilichukia jina lake la ubatizo kuliko mutu yeyote wa Bukavu. Ukimuita nalo mbele ya watu, ulikuwa umejitafutia maneno. Basi mimi nitamuita nalo tangu mwanzo mpaka mwisho. Théodore! Ukikutana naye, umuambie ni Constance, mama wa kilio wa mutaa wa Cimpunda, ndiye anayemuita hivyo, na kwamba sijamusamehe.

Lakini habari hii si yake, ni ya Delphine. Yeye na mimi tulikomalia parseli mbili, viwanja vinavyogusana, mimi mukubwa, yeye mudogo. Baba yake alikuwa mufanyakazi wa mashamba ya kinini, mama yake alisuka mikeka. Masista waliona kichwa cha mutoto kiko wazi, wakamusomesha, na mwisho akawa asistanti, mwalimu musaidizi, ku shule moja kubwa ya walimu, upande wa lugha na fasihi. Kazi yake ilikuwa kukusanya nyimbo za wamama wa kilio. Mu Cimpunda tulicheka mpaka mbavu zinauma. Mutoto wa watu anasoma vitabu vya Wazungu miaka yote ile, kisha anarudi kutega masikio kwa wamama wanaolia! Mama yake alimuuliza, "Hivi serikali inakulipaka juu ya machozi yetu?" Delphine akamujibu, "Ndiyo, mama, na wanalipaka vibaya."

Alikuwa mufupi, mukali, na hakula ugali akiwa ameketi. Magnetofoni yake, ile mashine ya kunasa sauti, aliiweka ndani ya kikapu na kuifunika na sombe, majani ya muhogo, ili askari wasimunyanganye njiani. Na hakusahau kitu, huyo! Akiwa mutoto, mwalimu moja alimuita mujinga mbele ya darasa lote. Miaka ikapita, mwalimu yule akaja kuomba nafasi ya kuendelea na masomo ku shule ileile Delphine alikofundisha. Delphine akamufanyia mutihani wa mudomo mbele ya wanafunzi, na swali la kwanza lilikuwa lilelile lililomufanya aitwe mujinga. Yule bwana alipita, sikatai. Alipita akiwa na shati imelowa jasho, na Delphine akanisimulia habari hiyo wiki nzima akifurahi.

Sasa nieleze kilio, maana si kila mutu anajua. Mu mutaa wetu, mutu akikufa, hatupigi makelele ya bure. Mama wa kilio anaimba njia ya marehemu: ulizaliwa wapi, uliolewa wapi, ulilima wapi, na siku ile ulipita wapi mpaka kifo ikakukuta. Akimutaja mutu ambaye iko pale, kama ni yule aliyekupa chakula cha mwisho, au yule aliyekutuma safari, mutu huyo lazima ajibu "niko hapa", kisha aseme alichokijua. Hakuna wa kumufunga mudomo mama wa kilio, hata awe askari na bunduki yake. Na ukisimama kuondoka kabla ya kujibu, basi maiti ni yako, umeibeba mpaka kwako, na watoto wako watasemwa nayo. Hivyo ndivyo mama zetu walivyotufundisha.

Mwanzoni Delphine alitafuta utamu wa maneno tu. Alinirudisha mara nyingi ku wimbo wa kifo cha nyanya yangu, kisha ku ule wa muke wa jirani yetu muzee Anaclet, kisha nyimbo za wamama wengine ambao walishakufa na binti zao tu ndio walizikumbuka. Siku moja akazima mashine na kunitazama vibaya. "Maman Constance, hawa wote munaowaimba walikufa pahali pamoja."

"Pahali gani?"

"Kwa Mbuzi."

Kwa Mbuzi ni mteremko ulio chini ya mutaa wetu, unashuka mpaka ku kijito. Wazee waliuita hivyo kwa sababu walichunga mbuzi pale, na hakuna aliyejenga hata kibanda. Wakati mwingine mutu alijaribu. Mvua kubwa ilikuja, udongo ukashuka naye, mama fulani akaimba. Kisha watu walisahau, maana muji ulijaa wageni wa kutoka kila pande, na mugeni anaona nafasi wazi, haoni kilio. Nyimbo peke yake ndizo zilikuwa bado zinakumbuka, na zilikuwa ndani ya kikapu chini ya sombe.

Ilikuwa wakati huohuo biro moja ya viwanja ilipoanza kupiga misumari ya mipaka Kwa Mbuzi. Mukubwa wa biro hiyo ndiye Théodore. Injenieri, alisoma ng'ambo, abacost yake, ile suti ya wakubwa wa siku zile, imepigwa pasi mpaka inakata. Na huyu si mugeni, alizaliwa ku vilima vyetu hivihivi, mama yake alilia vilio kama mama zetu! Delphine aliandika rapoti nzuri, akanichukua mimi, tukaenda kwake.

"Citoyen," Delphine alimuambia, "usigawe parseli Kwa Mbuzi. Kila mama wa kilio mu Cimpunda iko na mutu wake aliyefunikwa na udongo pale."

Théodore akaegemea kiti. "Nani alipima?"

"Hakuna aliyepima. Walikufa."

"Citoyenne, wewe uko mutu wa mashairi. Mi niko injenieri. Udongo tunaupimaka, hatuuimbaka." Akawaita wafanyakazi wake waje mulangoni. "Sasa maman, tuimbie. Imba, tusikie hiyo sayansi!"

Nikafikiri, labda akisikia, damu ya kwao itaamuka. Nikaimba. Nikaimba wimbo wa nyanya yangu, jinsi alivyokutwa chini ya udongo na mutoto mukononi, na sikuimba nusu. Nilipomaliza, Théodore alipiga makofi. Makofi! Kwa kilio! Wafanyakazi wake nao wakapiga, kisha akamuambia moja afungue dirisha, eti biro inanuka matanga. Delphine alikusanya karatasi zake polepole. Ku ngazi aliniambia neno moja tu, "Atajuta," nami nikamuambia amina.

Lakini waliojuta kwanza ni sisi. Delphine alikuwa na mudogo wake, Rosalie, aliyeolewa na Philémon, mutu wa Luberizi, familia ya walima mupunga. Walikuwa wanapanga chumba kwa watu, na Rosalie alichoka kugombana juu ya choo na maji. Walipopewa parseli Kwa Mbuzi alicheza njiani. Delphine alimusihi, alimutukana, alimupigia magoti, naye hakuwahi kumupigia mutu magoti. Rosalie akasema, "Dada, serikali yenyewe imepima. Wewe uko na nyimbo zako tu." Wakajenga. Nilikula wali wa Luberizi ku nyumba ile siku waliyoingia, macho yangu yakiwa ku mteremko.

Mvua ilikuja mchana, watu wakiwa macho. Philémon alikuwa Luberizi akivuna. Sisi tulisikia kishindo, tukakimbia, na tulipofika hapakuwa na nyumba, palikuwa na udongo mwekundu unaoendelea kushuka polepole. Rosalie tulimukuta amemukumbatia binti yake Colombe, mutoto aliyekuwa anaanza tu kwenda shule. Delphine alichimba na mikono yake. Sitasema zaidi juu ya siku ile. Ee Mungu, kuna siku ambazo hupaswi kumupa mutu.

Kesho yake akaja mujumbe wa Théodore. Tazameni ujinga wa mutu aliyejisahau! Mukubwa moja kutoka juu kabisa, mutu wa jimbo la Équateur asiyejua Kiswahili, alikuwa ziarani Bukavu, na alitaka kuja kilioni kutoa pole. Na kwa sababu siku zile maneno yote yalikuwa authenticité, yaani kurudia mambo ya mababu, Théodore alitaka mukubwa aone kilio cha mababu, na nyimbo, na kila kitu. Aliomba pia Delphine akae karibu na mukubwa kumutafsiria, maana yeye ndiye mwenye kujua nyimbo. Yaani mutu aliagiza mwenyewe fimbo ya kumupiga, akachagua na mukono wa kuishika.

Delphine akasema ndiyo. Mutaa ukamugeukia. "Anauza kilio cha ndugu yake!" Philémon, aliyefika na matope ya Luberizi bado miguuni, alikataa kumusalimia. Mimi peke yangu nilijua, maana aliniita nyuma ya nyumba, macho makavu, na kuniambia, "Maman, uimbe njia yote ya Rosalie. Usiruke mutu."

"Hata yeye?"

"Yeye hasa."

Walikuja na magari. Théodore aliketi ku mukono wa kushoto wa mukubwa, uso wa huzuni umepangwa vizuri. Mukubwa alisema maneno ya serikali kuhusu mababu na desturi zetu tusizopaswa kuziaibikia. Kisha nikasimama. Niliimba kuzaliwa kwa Rosalie, mikeka ya mama yake, harusi yake. Nilimutaja Philémon, akajibu "niko hapa", akasema alichokijua, akalia. Wote wakaona kwamba desturi iko kazini. Hapo nikashuka na Rosalie mpaka mteremkoni:

*Rosalie ee, nani alikuonyesha Kwa Mbuzi?*
*Wazee waliwaachia mbuzi, wewe ukajenga.*
*Nani alikuambia udongo ule unasimama?*
*Nani alipiga misumari ya mipaka?*
*Théodore ee, uko hapa?*

Delphine akainama kwa mukubwa na kutafsiri mu Kifaransa, sauti yake sawasawa kama mutu anayesoma darasani. "Anauliza ni nani aliyemupa dada yangu parseli ile. Anamuita citoyen huyu, aliye mukono wako wa kushoto. Kwa desturi anapaswa kujibu."

Mukubwa akageuka. "Basi, ajibu."

Théodore aliinuka kidogo ku kiti. Wamama wote wakatazama miguu yake. Mutoto wa vilima, alijua vizuri sana maana ya kusimama pale! Akarudi kuketi. "Niko hapa," akasema.

"Sema ulichokijua," nikamuambia.

"Pahali pale palipimwa kufuatana na..."

"Sikuulizi kipimo! Kabla ya mvua, nani alikuja ku biro yako?"

Akajifuta uso. "Nyinyi wawili."

"Tulikuambia nini?"

"Kwamba watu walikufaka pale."

"Nami nilikuimbia. Kisha wewe ukafanya nini?"

Alimutazama Delphine, labda akifikiri atamuhurumia. Wapi! Delphine alikuwa anamungoja na tafsiri yake. "Nilipiga makofi," Théodore akasema, chini kabisa, na Delphine akatafsiri makofi yale kwa sauti ya kusikika mpaka barabarani.

Mukubwa hakumufunga. Wakubwa wanalindana. Alimuambia tu palepale aandike arete, amri ya serikali: Kwa Mbuzi pasijengwe tena, familia zilizobaki zipewe parseli pengine, na yeye mwenyewe aisome mbele ya watu. Kisha magari yakaondoka. Mimi niliruka kwa hasira, nilitaka pingu! Delphine akanivuta mukono. "Jela mutu anatokaka, maman. Mi nataka kumuweka pahali asipotoka."

Akanieleza. Arete ya serikali inaanza na maneno ya kutaja misingi yake: tukiangalia sheria hii, tukiangalia ordonansi ile. Delphine alitaka palepale, chini ya sheria za Kinshasa, iandikwe: *tukiangalia nyimbo za kilio za wamama wa Cimpunda, na majina ya wafu waliomo*. Na majina yafuate, kutoka kwa nyanya yangu mpaka kwa Colombe.

Jumapili, misa ikiisha, Théodore alikuja kwa Delphine kwa miguu. Nilikuwa ndani, nikichambua maharagi. Alikuwa mupole kama mukwe. Alisema arete iko tayari, familia zote zitapata parseli, nzuri kuliko zile za zamani, ataweka sahihi kesho. Kuna neno moja tu. "Pahali pa nyimbo, tuandike 'tukiangalia masomo ya kiufundi'. Matokeo ni yaleyale, citoyenne. Nikisoma nyimbo mu arete, mainjenieri wenzangu watanicheka mpaka Kinshasa."

"Ni kweli," Delphine akasema. "Watakucheka."

"Sasa?"

"Sasa nani alifanya hayo masomo ya kiufundi? Wewe? Ukiandika uongo huo, kesho mama mwingine atakuja na wimbo wake, na mutu kama wewe atafungua dirisha. Nataka atakayekuja kesho akute ndani ya sheria kwamba wimbo ulishasikilizwa na serikali. Na nataka mukono wako ndio uandike. Sikufichi, Théodore, nafurahi kwamba itakuuma."

Alimuita Théodore mbele yangu! Yule bwana akasimama, akasema maneno yale yasipobadilishwa hataweka sahihi, tuone nani atachoka kwanza. Akaondoka.

Hapo nilimugombeza Delphine, na sikumugombeza kidogo. Mawingu yalikuwa yanajikusanya juu ya ziwa, na Kwa Mbuzi kulikuwa bado na watu. Isidore, fundi wa viatu aliyejenga karibu na kwa Rosalie, alikuja na kofia mukononi. "Dada Delphine, kubali tu. Wewe unatafuta neno, sisi tunatafuta pahali pa kulala." Nikasema Isidore iko na haki. Wanasema hasira hasara, na hasara hii ingekuwa ya watoto wa wengine.

Delphine akatoka mulangoni, akayatazama mawingu. Kisha akamuambia Isidore, "Leta watoto. Wote wa mteremko, walete hapa." Wakaja na masufuria na mikeka, wakajaza nyumba yake, kisha yangu, kisha ya padri Raphaël wa parokia yetu. Mama yangu eh! Nilipikia watoto ambao sikujua baba zao, nikalala na miguu ya mutu usoni, nikamutukana Delphine kila asubuhi, naye akanishukuru kila asubuhi. Kila siku aliwapeleka wale watu wote ku biro ya Théodore, wakaketi ku ngazi. Walikaa tu, na kila mara mama moja alianza kuimba kidogo, bila kutaja jina, na wafanyakazi ndani wakaacha kazi kusikiliza. Maana nao walikuwa na mama zao, na walijua baada ya njia ya marehemu kinafuata nini. Moja wa wale waliopiga makofi alikuja kutuomba tusimutaje. Mwisho hakuna aliyetaka kuingia ku biro ya mukubwa wake. Nyumbani pia, nasikia, muke wake alimuuliza maiti ya mutu wa Cimpunda inafanya nini mu nyumba yake.

Akaandika. Maneno yote, majina yote, na sahihi chini.

Aliisoma Jumamosi, baada ya salongo, ile kazi ya lazima ya kusafisha muji, ku soko ya Kadutu, watu wakiwa bado na majembe na mifagio. Alipanda juu ya kisanduku cha bia. Delphine alisimama mbele kabisa, kitambaa cheusi kichwani, Philémon kando yake, maana huyo naye alikuwa ameshaelewa. Théodore alisoma sheria za Kinshasa na sauti ya kiume. Alipofika ku nyimbo, sauti ikashuka. Alisoma jina la nyanya yangu, na mimi nikajibu "niko hapa", maana sikuweza kunyamaza. Watu wakashika hiyo. Kila jina, mutoto wake au mujukuu wake alijibu ndani ya soko. Alipofika kwa Rosalie na Colombe, alisoma haraka, kwa kumeza, na kuanza kukunja karatasi.

"Hatukusikia," Delphine akasema. "Rudia."

Akarudia. Philémon akajibu, "Niko hapa."

"Rudia."

Akarudia. Jasho lilimutoka ku abacost. Matone ya kwanza ya mvua yakaanza kuanguka juu ya mabati ya soko, na padri Raphaël akamusogelea Delphine, akamushika bega. "Binti yangu, inatosha. Umeshapata. Arete imesomwa, watu wako watahama Jumatatu. Muachilie."

Delphine hakumugeukia. Nilikuwa karibu, niliona uso wake, na hapo ndipo machozi yalikuwa yanamushuka, tangu siku ile ya kuchimba ndiyo mara ya kwanza.

"Mon père, Rosalie hawezi kurudia kuishi," akasema. "Huyu anaweza kurudia kusoma. Théodore, tangu mwanzo."

Akakunjua karatasi, akaanza tena.